Shilingi Tatu za Mbuzi

"Mia tatu za nini, na mtoto mwenyewe anakula uji?"

Wamaitha alisema hayo mikono ikiwa ndani ya karai, povu limemfika viwikoni, na hakujisumbua kuinua kichwa. Misi Dobson alikuwa amesimama mlangoni pa chumba cha kufulia, na maneno hayo walikuwa wakivutana nayo tangu shuka za kwanza zianikwe. Misi ndiye aliyesimamia nyumba ya watoto ya misheni pale Nakuru, mwanamke mrefu, mkavu, ambaye hakuwahi kumpiga mtu wala kucheka na mtu. Kiswahili chake kilikuwa kile cha mashambani, cha kuamrishia mpishi na maksai kwa pamoja.

"Mimi hapana sema. Kamati nasema," akajibu. "Mtu nataka mtoto, lazima onyesha pesa. Mia tatu ndani ya buku ya Posta, kaa miezi tatu, hapana toa. Barua ya bwana ya mume yako, kusema mshahara. Nyumba iko na dirisha. Mtoto si kuku, Wamaitha."

"Kuku ningepewa bila dirisha," Wamaitha akasema, akaipiga nepi kwenye jiwe kama iliyomtukana.

Mtoto mwenyewe alikuwa amelala hapo hapo, ndani ya kikapu cha nguo kavu. Alikuwa msichana wa kama miaka miwili, mdogo kuliko umri wake. Aliletwa mwezi wa Januari nyuma ya gari la polisi, kutoka shamba moja huko juu upande wa Kabazi, amefungwa ndani ya koti la mwanamume. Koti lilikuwa na matundu mawili mgongoni. Wamaitha ndiye aliyepewa alifue, akalifua, akalianika, na hakuuliza kitu. Mwaka ule wa hamsini na nne watu hawakuuliza. Nyumbani pale wakamwita mtoto Ruthi, kwa sababu lazima mtoto aandikwe jina, na Ruthi asiyekuwa na mtu akachagua wa kwake: akamfuata Wamaitha kutoka karai hadi kamba ya kuanikia, ameshika upindo wa aproni, na akichoka anaingia kikapuni na kulala juu ya shuka za misheni kama malkia.

Misi alitaja na jambo la mwisho kabla ya kuondoka. Kamati ingekaa mwezi wa saba. Watoto watakaokuwa bado hawana watu, lori ingewachukua kuwapeleka nyumba kubwa Nairobi, na huko ukienda kumtafuta mtoto unatafuta namba. Kwa hiyo pesa ziwe zimeingia kabla ya Pasaka.

Wamaitha alizaliwa huko huko Kabazi, kwenye shamba la Mzungu, baba yake akichunga kondoo wasio wake. Alisoma mpaka darasa la tatu, akaolewa na Kang'ethe, seremala, wakashuka mjini. Alikuwa hodari wa kufua hata wake za maofisa walimtumia nguo zao za arusi. Lakini mtoto hakupata, na kwa hilo alilipa kila siku bila risiti. Wanawake wote wa landhi, ile safu ya vyumba vya wafanyakazi walimokaa, waliitwa Mama fulani. Yeye, anakaribia miaka arobaini, aliitwa Wamaitha, kama msichana aliyetumwa maji.

Jioni ile alimwambia Kang'ethe habari ya mia tatu. Kwenye buku lao kulikuwa na mia moja thelathini na saba, zilizowekwa kwa kujinyima sukari. Mshahara haukuwa shida, maana Kang'ethe alipata tisini kwa mwezi na Mhindi aliyemwajiri angeandika barua. Dirisha pia si shida, mume ni seremala. Ila mia moja na zaidi zilizobaki, kabla ya Pasaka, hizo zingetoka wapi? Zingekusanywa kwa watu, akasema Wamaitha, kama watu walivyokusanyiana siku zote.

Kang'ethe aliweka kikombe chini polepole. Alikuwa mtu mpole, mwenye woga wa kawaida, ule unaomfanya mtu aishi. Alimwuliza kama ameisahau sufuria ya jirani. Hakuwa ameisahau. Wiki mbili nyuma jirani yao wa ukuta na mkewe walichukuliwa na askari asubuhi, mlango ukaachwa wazi, na maharagwe yao yakaendelea kuchemka mpaka yakaungua. Hakuna aliyethubutu kuingia kuyaepua. Harufu ile ilikaa kwenye nguo za watu wote wa landhi siku nyingi, na Wamaitha, pamoja na ujuzi wake wote, hakuweza kuifua.

"Hizi si siku za Mkikuyu kuonekana anakusanya pesa," Kang'ethe akasema. "Hata ukichangisha za kuzika mtu, utaulizwa zinapelekwa msituni kwa nani."

"Nitasema ni za mtoto."

"Utamwambia nani? Hezekiah?"

Hezekiah alikuwa nyapara wa landhi. Alikuwa Mkikuyu kama wao, mzee wa kanisa kama Kang'ethe alivyotamani kuwa, na tangu Hali ya Hatari itangazwe alipewa bunduki na kipande cha chaki. Bunduki hakuna aliyemwona akiitumia. Chaki ndiyo iliyotisha. Alipita milangoni akiandika idadi ya watu wa kila chumba, na mlango aliouandika mara mbili kwa wiki moja, wenyewe walianza kufunga vitu vyao.

Aliyelitatua jambo hilo, au aliyeliharibu, ni Wachuka. Huyu alikuwa mjane mwenye chumba cha mwisho, muuza tumbaku ya kunusa, mdomo mmoja unaotosha landhi mbili. Wamaitha alipomweleza, Wachuka alipiga chafya, akafuta pua, akasema Misi anataka kuziona pesa, hataki kuzila. Basi zikae kwenye buku miezi yake mitatu, Misi azione, kamati izione, mtoto apatikane, kisha kila mmoja arudishiwe zake. Si mchango, ni kuazimana tu. Tangu lini mwanamke akakatazwa kuazima?

Ikawa hivyo. Wanawake sita wa landhi walileta, mmoja mmoja, wakati wa kuchota maji au kuomba moto. Kulikuwa na noti za kumi zilizokuwa zimeshonwa ndani ya mito, na shilingi zenye harufu ya vitunguu. Wamaitha alizifunga zote ndani ya kitambaa cha kichwa, cheupe, alichokifua yeye mwenyewe, na kila aliposikia kiatu nje alikikalia.

Lakini Wachuka alikuwa na sharti, na wenzake wakalishika. Kama wanatoa pesa kwa ajili ya mtoto wa kwao, basi mtoto awe wa kwao kweli. Karatasi ya Misi ni ya Misi. Kwa Wakikuyu mtoto wa watu hakuingia mlangoni kwa maneno: alichinjwa mbuzi, ukakatwa ukanda mwembamba wa ngozi, mtoto akavishwa mkononi, na kuanzia hapo amezaliwa na huyo mama, ana ukoo, ana jina. Angeitwa Wangare, jina la mama yake Kang'ethe, kama inavyompasa binti wa kwanza.

Wamaitha hakuwa mjinga. Alijua kwamba watu wa msituni, waliokuwa wakipigana na serikali, nao walikuwa wakila viapo kwa mbuzi, na ngozi, na watu kuketi pamoja ndani ya chumba kilichofungwa. Alijua tena kwamba kanisani wangemsema. Ila kila alipotaka kukataa alimwona mtoto ndani ya kikapu, halafu akaiona lori.

"Mbuzi wa kuzaa mtoto hakopwi," Wachuka alimwonya. "Ulipe mpaka senti ya mwisho kabla kisu hakijamgusa. Ukibakiza deni, mtoto amebaki mguu mmoja nje."

Mbuzi alitoka kwa Jepkorir. Huyu alikuwa Mkipsigis, mke wa Kipkoech, mchungaji wa ng'ombe kwenye shamba la Mzungu barabara ya Njoro, na kila asubuhi alileta maziwa landhi kwa vibuyu. Yeye na Wamaitha walikuwa wamezoeana kwa kutaniana. Jepkorir alisema watu wa mjini wanakunywa maji ya kuoshea kibuyu wakiita maziwa, Wamaitha akasema ndiyo, na anayewauzia ni nani? Kwa mbuzi Jepkorir alitaka ishirini na nane, hashuki. Wamaitha alikuwa na ishirini na tano zake mwenyewe. Alifungua kile kitambaa cheupe mbele ya Jepkorir, akazitazama zile pesa za wanawake, akakifunga tena. Hizo zilikuwa za kuonekana na Misi, hazikuwa za kuguswa.

"Tatu utaleta," Jepkorir akasema. "Kwani unahamia Uganda?"

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Jumapili ndiyo siku pekee Misi aliyoruhusu mtoto kutembezwa nje. Wamaitha akamchukua mbuzi. Habari ya zile tatu zilizobaki hakumwambia Wachuka.

Walimchinja nyuma ya chumba, Kang'ethe akishika kisu kwa mkono uliozoea patasi. Wanawake waliketi ndani, mlango umeegeshwa kwa sababu ya nzi. Wachuka alikata ukanda wa ngozi, akamvisha mtoto, akamnong'oneza jina lake. Hakikuwa kitu kirefu. Kuna watu huchukua muda zaidi kuchagua kuku sokoni. Mtoto alinusa mkono wake, akaulamba, wakacheka, na kicheko chao kilipokwisha wakasikia fimbo ikigonga mlango.

Ni Hezekiah. Hakuingia. Aliwasalimu kila mmoja kwa jina, taratibu, kama mtu anayejifunza kitu kwa moyo, akasema harufu ya nyama ni nzuri. Kang'ethe alimkaribisha. Hezekiah akasema ameshiba. Mlangoni aliandika tarakimu moja kwa chaki, akapuliza vidole, akaenda zake. Wamaitha alitoka kuitazama. Ilikuwa idadi sahihi, hata mtoto alihesabiwa.

Jepkorir alifika baadaye kuchukua vibuyu vyake. Walimpa ubavu akaula akiwa amesimama mlangoni, akawatazama wote wakila. Alipomaliza alijifuta mdomo, akasema, "Haya, asante, Mama Wangare."

Alikuwa mtu wa kwanza kumwita hivyo. Wamaitha aligeuka kutazama ni nani anayeitwa.

Pesa zikaingia Posta kabla ya Pasaka. Misi Dobson alilifungua buku, akalisoma mara mbili, akasema vizuri. Alikuja mwenyewe kuliona dirisha, akalifungua, akalifunga, akasema vizuri tena. Ikabaki kungoja. Wamaitha alishona gauni za mtoto zenye mikono mirefu, zenye mpira kwenye vifundo vya mikono, na alipoulizwa alisema ni baridi. Mtoto aliogeshwa na yeye tu. Kila asubuhi kabla ya kuwasha moto alipapasa ule mkono mdogo, akaukuta ukanda, akashusha pumzi. Zile shilingi tatu alizipata mwisho wa mwezi, akazifunga kwenye pindo la leso, lakini Jepkorir alikuwa haji. Ng'ombe wa shamba lile walikuwa wamewekewa karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo, na maziwa yote yamezuiwa. Zikakaa pindoni. Wamaitha akaanza kuota mtoto amesimama kizingitini, hataki kuingia.

Ukafika mwezi wa sita. Ilibaki kidogo sana kamati ikae.

Siku moja Wamaitha alichelewa kazini kwa sababu ya msako barabarani, watu wakipangwa mstari waonyeshe pasibuku, kile kitabu cha ruhusa. Alipofika, mtoto alimkimbilia akiwa na vesti tu, amekwisha kuogeshwa, anang'aa. Mkono wake ulikuwa mtupu.

Aliuliza. Misi alimjibu bila ubaya wowote, akijaza kitabu chake cha dawa. Alikuta kitu kichafu mkononi mwa Ruthi, kinanuka, akakikata kwa mkasi. Hakujua ni kitu gani, kwa hiyo alimwuliza mzee wa kanisa aliyekuwa ameleta viazi vya sadaka.

"Mzee yupi?"

"Hezekiah. Yeye naangalia, natia ndani ya mfuko. Nasema asante."

Wamaitha alirudi kwenye karai. Kulikuwa na shuka, akazifua. Kulikuwa na mito, akaifua. Kama angekimbilia nyumbani ingesemekana amekimbia, na kama angembeba mtoto ingesemekana ameiba. Akaanika kamba ya kwanza, akaanika ya pili, kila kipande kimenyooka, na mtoto nyuma yake ameshika aproni. Alimlaza kikapuni saa sita. Alipoondoka jioni hakumwamsha.

Askari walizunguka landhi alfajiri. Watu wote walitolewa, wakaketishwa kwenye kiwanja cha mpira, wanaume huku, wanawake kule. Palikuwa na meza, inspekta kijana wa Kizungu aliyechomwa pua na jua, na Hezekiah wa kutafsiri. Juu ya meza kulikuwa na buku la Posta na, juu ya karatasi safi, ule ukanda wa ngozi. Ulikuwa umekauka na kujikunja, kitu kidogo mno. Wamaitha alisema ukweli wote: mtoto, Misi, kamati, mia tatu. Inspekta alisikiliza, na kwa sura yake alitaka hata kuamini. Ila aliuliza kwa nini buku liliingizwa mia na zaidi ndani ya wiki moja, na Wamaitha, kwa kuwalinda wenzake, akasema ni akiba yake ya ndani ya mto. Kang'ethe akasema vivyo hivyo. Wanawake wote sita wakasema hawajui habari ya pesa.

Pengine yangeishia hapo. Lakini karantini ilikuwa imefunguliwa wiki ile, na ndiyo asubuhi Jepkorir aliyochagua kurudi, vibuyu mgongoni. Hezekiah alimwona, akamnong'oneza inspekta. Huyu si Mkikuyu, hana sababu ya kuwaficha.

Sasa Jepkorir, katika maisha yake yote, polisi hawakuwahi kumwuliza juu ya mbuzi ila kwa jambo moja: wizi wa mifugo. Aliposikia meza yote inauliza mbuzi, akaelewa kwamba rafiki yake ameshikwa kwa kuiba mbuzi, na yeye ndiye shahidi wa kumwokoa. Akatua vibuyu. Akajinyoosha.

"Mbuzi alikuwa wako?" Hezekiah akamwuliza.

"Wangu. Hakuibwa. Alinunuliwa kwa haki, mchana."

"Mwanamke huyu alikuwa na pesa za kununua?"

"Nyingi. Kitambaa kizima. Nilizitazama kwa macho haya."

"Zilikuwa zake?"

"Za wanawake wote," Jepkorir akasema kwa fahari, akiwaonyesha kwa kidole mahali walipokaa, mmoja mmoja. "Walitoa wote. Hawa ni watu waaminifu."

"Na nyama walikula wote pamoja?"

"Wote. Mtoto akavishwa ngozi yake, ikawa vizuri."

Jepkorir aliwatazama wanawake akitegemea kuona shukrani, akamwona Wachuka amefunika uso kwa shuka. Akamtazama Wamaitha. Ndipo alipoanza kuelewa kwamba amesema kitu, ingawa hakujua ni kipi.

Kang'ethe alipelekwa kambini siku ile ile, amefungwa pingu na mtu asiyemjua. Wanawake walipewa usiku mmoja wa kufunga vitu, wapelekwe kwao kwa mababu, Kiambu, mahali ambapo Wamaitha hakuwa amekanyaga maishani. Buku lilichukuliwa. Alipowaomba wenzake msamaha kwa pesa zao, Wachuka alisema, "Msamaha wako upeleke bomani, mimi nimechoka," na huo ndio ulikuwa mzaha wake wa mwisho Nakuru. Wamaitha alitaka kuonana na Misi. Askari akamwambia Misi ametuma salamu, na kwamba kamati haiwezi kumpa mtoto mtu wa jina baya.

Asubuhi lori zilisimama zikinguruma. Wamaitha alikuwa amekwisha kupanda, amebanwa kati ya Wachuka na mbao za ubavuni, alipomwona Jepkorir anakuja akipita katikati ya askari kana kwamba ni ng'ombe. Wamaitha alifungua pindo la leso kwa meno, akazitoa zile shilingi tatu, akanyoosha mkono juu ya mbao.

"Chukua. Ni za mbuzi."

Wachuka akageuka, akaziona. Alimtazama Wamaitha jinsi mtu anavyomtazama mgonjwa ambaye ndio kwanza ameonyesha kidonda.

Jepkorir aliweka mikono nyuma. "Silipwi leo."

"Chukua, nakuomba. Mbuzi huyu hakopwi. Mtoto amebaki mguu nje."

"Na abaki. Nikichukua, tumemalizana, na mtu mliyemalizana harudi. Utakuja kunilipa kwangu." Alisogea mpaka kifua kikagusa gurudumu. "Mdomo wangu ndio uliokupandisha hapa, Mama Wangare. Mtoto niachie mimi."

Lori ikaondoka. Wamaitha alifunga pindo tena, kwa sababu hakujua afanye nini kingine na mikono yake.

Mengi ya miaka iliyofuata hayana haja ya kuandikwa hapa. Kijiji walimowekwa huko Kiambu kilizungushiwa handaki lenye miti iliyochongwa, na wanawake ndio waliolichimba. Wachuka alikufa msimu wa kwanza wa njaa. Siku moja mwanamke aliyelala pembeni ya Wamaitha alikisikia kitu kikigonga pindoni mwake, akamwambia shilingi tatu ni unga wa siku nyingi. Wamaitha akasema si zake. Kang'ethe alirudi mwaka wa hamsini na saba, mzima wa sura, lakini mikono inatetemeka hata hawezi kupiga msumari. Usiku alilala macho wazi, akielekea mlangoni.

Ruhusa ya kusafiri ilipatikana mwaka wa hamsini na tisa. Wamaitha alifika Nakuru peke yake, akaenda kwanza misheni. Misi Dobson alikuwa amerudi kwao. Dobi mpya, msichana mwenye kucha ndefu, hakujua habari ya Ruthi yeyote, akamwambia watoto wa zamani walikwenda na lori. Wamaitha aliketi kidogo kwenye jiwe lake la kufulia. Kisha akashika barabara ya Njoro kwa miguu, upepo wa vumbi jeupe la ziwa ukimsukuma mgongoni, na kila hatua aliona afadhali asifike.

Alilijua boma kabla ya kuuliza. Ilikuwa nyumba ya msonge kama nyingine zote, ila ubavuni ilikuwa na dirisha. Dirisha la mraba, la vioo vinne, limekaa kwenye udongo wa mviringo kama miwani kwenye uso wa kondoo.

Jepkorir alimwona kutoka mbali, akasimama. Alikuwa amezeeka upande wa meno. Walisalimiana kwa mikono, muda mrefu, kisha Jepkorir akaanza kueleza bila kuulizwa, haraka haraka, kama mtu anayemwaga mzigo. Aliuza mitamba miwili. Kipkoech alipiga kelele mwezi mzima, mwisho akachoka. Bwana wa shamba aliandika barua, na Misi alipokuja kukagua akauliza dirisha liko wapi, ikabidi Kipkoech atoboe ukuta, na watu walitoka mpaka Molo kuja kucheka. Kamati ikasamehe ile miezi mitatu, ikakubali. Kwenye karatasi mtoto anaitwa Chelangat.

"Anajua?" Wamaitha akauliza.

"Anajua ana jina jingine, nalo limebaki kwa mwenyewe."

Kutoka zizini ilisikika sauti ya mtoto akimgombeza ndama, kwa Kikipsigis, maneno makali yenye adabu ndogo. Halafu akaita mama. Jepkorir aliitikia. Wamaitha naye alikuwa amefungua mdomo, akaufunga.

Akatafuta pindo la leso. Leso yenyewe ilikuwa ya tatu tangu ile ya lori, lakini fundo lilihamishwa kila mara. Alilifungua kwa meno, akaziweka shilingi tatu kiganjani, akanyoosha mkono.

Jepkorir alizitazama. Alijua kitu alichoombwa. Alikijua kuliko siku ile ya lori, maana siku ile hakuwa bado amemlea mtu. Wakati huu angeweza kukataa tena. Angeweza kusema bei ya mbuzi imepanda, au wasubiri Kipkoech arudi, au karatasi ina jina lake, na lolote kati ya hayo lingekuwa kweli, na hakuna askari katika Kenya nzima ambaye angemlazimisha. Upepo ulipiga lile dirisha, vioo vikatetemeka. Mkono wa Wamaitha ulikuwa bado umenyooka, na ulianza kuchoka.

Msichana alitokea zizini na kamba ya ndama, akasimama kumkagua mgeni.

Jepkorir alichukua shilingi ya kwanza, akaifuta kwenye shuka yake. Akachukua ya pili. Ya tatu alikawia nayo, vidole juu ya kiganja cha mwenzake, kisha akaichukua, akazifunga zote na kuzisukuma kifuani.

"Wangare," akamwita mtoto, kwa jina ambalo hakuwahi kulitumia kumwita. "Njoo usalimie. Huyu amemaliza kulipa mbuzi."